Nahodha au kapteni? Lincoln shairini na jeshini

Kiingereza hutumia neno moja kwa mkuu wa meli, afisa wa jeshi na kiongozi wa timu ya kandanda. Sisi tuna mawili, nahodha na kapteni, na mfasiri anayeyachanganya huweza kuliharibu shairi zima.

Hebu tulitazame 'O Captain! My Captain!' la Mmarekani Walt Whitman, lililotoka mwaka wa 1865. Anayeliliwa humo ni Rais Abraham Lincoln, aliyepigwa risasi usiku wa Aprili 14 mwaka huo, siku tano tu baada ya Jenerali Robert E. Lee kusalimu amri. Whitman, aliyekuwa amewahudumia majeruhi wa vita hivyo katika hospitali za Washington, aliifanya nchi kuwa meli inayofika bandarini salama huku mkuu wake amelala maiti sitahani.

Sasa, tukimwita Lincoln 'kapteni' tumempa cheo gani? Katika jeshi letu la nchi kavu, kapteni ana nyota tatu begani. Yuko juu ya luteni na chini ya meja, na wakubwa wa kupigia saluti anao tele. (Katika jeshi la majini la Uingereza mambo ni mengine: huko cheo chenye jina hilohilo ni sawa na kanali.)

Ajabu ni kwamba Lincoln aliwahi kuwa kapteni kweli. Mwaka wa 1832, akiwa na umri wa miaka 23, wanamgambo wenzake wa Illinois walimchagua kuongoza kombania yao katika vita vya Black Hawk. Alipouawa alikuwa amiri jeshi mkuu. Kumwita kapteni basi ni kumrudisha nyuma miaka 33 na kumshusha cheo akiwa maiti!

'Nahodha' lilitoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni bwana wa chombo. Neno la Kiingereza lina mzizi wa Kilatini wenye maana ya kichwa, bahari haimo. Wanasiasa wetu nao hupenda kuitwa manahodha wa taifa, na hakuna anayewauliza wana nyota ngapi.

Kuna kinachopotea, sikatai. 'Nahodha' halina harufu ya baruti. Lakini Whitman mwenyewe ametia bendera na tarumbeta humo shairini, na hizo zinatosha kumjulisha msomaji kwamba meli hii imetoka vitani.