Habari za Kibali cha Nyumba katika Nchi ya Ngorongoro



Katika miaka 10 ya Chama chetu, mashauri mengi yaliyofika ofisini yamehusu mifugo, bei na mikopo. Lakini liko shauri moja linalorudi kila mwaka: mwanachama amepata fedha za kujenga nyumba imara, je, aanzie wapi? Siku hizi wengine huuliza pia habari za nyumba zinazoundwa kiwandani kwa vipande, kisha zikaunganishwa kwa boliti mahali pake. Jibu halieleweki vema pasipo kujua historia ya nchi hii.

Zamani nyumba ya Kimaasai, yaani enkaji, ilijengwa na mama mwenyewe kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe. Ruhusa ilikuwa ni kauli ya wazee wa boma. Watu walipohama kufuata malisho waliiacha, wakajenga nyingine. Hapakuwa na ramani wala karatasi.

Mwaka 1951 Serengeti ilifanywa Hifadhi ya Taifa, na mipaka yake ikazizunguka hata nyanda za juu za Ngorongoro. Mwaka 1954 kilimo kilikatazwa humo, na ugomvi mkubwa ukazuka kati ya wenyeji na serikali ya kikoloni. Mwaka 1958 wazee walitia sahihi makubaliano ya kuiacha Serengeti, na mwaka 1959 ikatungwa Sheria ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, ili watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja katika nchi ya kilometa za mraba zipatazo 8,300. Hivyo, sheria ile ile iliyotambua makazi yetu ndiyo iliyoyaweka chini ya usimamizi.

Tangu hapo usimamizi ulizidi kukazwa. Mwaka 1974 jamaa zilizokaa ndani ya kreta ziliondolewa. Mwaka 1975 Mamlaka ya Hifadhi iliundwa, na kilimo kikapigwa marufuku. Kiliruhusiwa tena mwaka 1992, kikakatazwa mara nyingine mwaka 2009. Mwaka 1979 UNESCO iliitia Ngorongoro katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wakazi nao, waliokuwa kama 8,000 mwaka 1959, walizidi 90,000 katika hesabu ya mwaka 2017. Kwa sababu hizo nyumba ya tofali na bati ilihesabiwa kuwa dalili ya makazi ya kudumu, na ujenzi wake ukategemea idhini ya Mamlaka.

Basi wanachama wawili wa Chama kimoja hawana njia moja. Aliye Karatu hupeleka Halmashauri ramani yake na hati ya kiwanja. Aliye Nainokanoka, chini ya mlima Olmoti, huanza kwa serikali ya kijiji, kisha huomba idhini ya Mamlaka. Na saruji au bati anayonunua Karatu haina budi kupita lango la Loduare. Wala haja yake si anasa, kwa maana baridi na ukungu wa huku juu twavijua sote.

Mwezi wa Juni 2022 kundi la kwanza la wakazi lilihamia Msomera, wilaya ya Handeni, katika nyumba za namna moja zilizojengwa na Serikali. Wako waliokubali, wako waliokataa. Mwezi wa Agosti 2024 maelfu waliandamana wakidai haki zao, na mwezi wa Februari 2025 Rais alizindua tume mbili, moja ya kuchunguza migogoro ya ardhi ya Ngorongoro, na nyingine ya kutazama zoezi la kuhama.

Katika hali hiyo wako wasemao kwamba nyumba ya vipande, kwa kuwa yaweza kufunguliwa na kuhamishwa, ni ya muda, na haihitaji kibali. Hoja hiyo ni dhaifu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilisimamisha nyumba za vipande zaidi ya 150,000, zikikusudiwa kukaa miaka kama 10 tu; lakini nyingi zilikaliwa miaka mingi kupita hiyo. Kila msimamizi wa ardhi ajua ya kuwa nyumba ya muda huzoea mahali pake. Tena nyumba hiyo hulipiwa kiwandani kabla ya kufika, hivyo mwenye kuinunua bila kibali huhatarisha fedha zake zote kwa mara moja.

Kwa hiyo twawashauri wanachama: ombeni kwa maandishi, mkieleza mahali, ukubwa na vifaa, takeni jibu kwa maandishi pia, hata likiwa la kukataa, wekeni nakala moja nyumbani na moja ofisini kwa Chama, wala msilipe fedha ya vifaa kabla ya jibu. Barua iliyokataliwa nayo ni ushahidi kwamba mtu alikuwapo, aliomba, na alifuata sheria. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika nchi yetu makazi pia yahitaji daftari lake.