Nusu Karne ya Uhandisi wa Umeme Mlimani

Kabla ya mwaka 1973, kijana wa Mugumu aliyetaka shahada ya uhandisi alilazimika kuvuka mpaka hadi Nairobi au kwenda mbali zaidi. Julai mwaka huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kilifungua Kitivo cha Uhandisi, kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi. Mkuu wa Chuo alikuwa Rais Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, jirani zetu hapa Serengeti.

Fani zilikuwa tatu: ujenzi, mitambo na umeme. Wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 1977, na kazi ilikuwa ikiwangoja. Bwawa la Kidatu lilikuwa limeanza kuzalisha mwaka 1975, na kufikia 1980 lilikuwa na megawati 204. Tangu mwanzo wanafunzi walipelekwa mafunzo kwa vitendo, wakavaa kofia ngumu viwandani na kwenye vituo vya kupoza umeme.

Walimu wa awali wengi walikuwa wageni. Nafasi zao zilishikwa taratibu na vijana waliobakizwa chuoni. Ngazi ilikuwa ndefu: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, ndipo profesa kamili. Hakuna aliyepandishwa kwa kuzeeka kazini. Sharti awe na tafiti zilizochapishwa. Kutoka fani ya umeme alipatikana hata Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Matthew Luhanga, aliyeongoza kuanzia 1991 hadi 2006. Ni katika kipindi chake, mwaka 2005, kitivo kilipopata hadhi ya Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia.

Profesa wa umeme wa nguvu anafundisha nini kinachomhusu mkazi wa Mugumu? Somo mojawapo ni la upotevu. Umeme unaopotea njiani kama joto hukua kwa mraba wa mkondo. Ukisafirisha nguvu ileile kwa kilovolti 132 badala ya 33, mkondo hushuka hadi robo, na upotevu kwenye waya uleule hushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Ndiyo maana umeme wa Mwanza huja Musoma kwa kilovolti 132. Wilayani, laini ya kilovolti 33 inaporefushwa na wateja wakiongezeka, volti huporomoka jioni: taa zinafifia, mota ya mashine ya kusaga inanguruma bila nguvu, na fundi wa kuchomelea anafunga kazi.

Leo Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Vizazi vya kwanza vya Mlimani vilifundishwa nchi ikihangaikia uzalishaji. Wanaofundishwa sasa wana deni jingine: usambazaji, ili aliye mwisho wa laini apate volti sawa na aliye karibu na kituo.