Shanga, Mpunga na Chemchemi: Warungus wa Borneo ya Kaskazini

Kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Borneo, pale nchi inapochongoka kama ncha ya mkuki baina ya Bahari ya Kusini ya China na Bahari ya Sulu, ipo rasi ya Kudat. Hapo, na ng'ambo ya Ghuba ya Marudu upande wa Pitas, ndipo walipo Warungus, watu wa jimbo la Sabah katika Malaysia. Serikali huwahesabu pamoja na Wakadazan na Wadusun, ambao lugha zao ni ndugu na lugha yao. Wao wenyewe wengi hupenda waitwe kwa jina lao. Sitashangaa ikiwa msomaji hajapata kulisikia jina hilo. Lakini mtu wa pwani yetu akikaribishwa barazani kwao, ataona vitu vitatu visivyohitaji mkalimani: shanga, upatu na mnazi.

Tuanze na shanga. Siku ya sherehe Mrungus, mume kwa mke, huvaa pinakol, yaani mikanda miwili mipana ya shanga inayoshuka kutoka mabegani na kupishana kifuani. Rangi zake ni nyekundu, manjano, kijani, nyeusi na nyeupe, na michoro yake si pambo tupu, kwani kila umbo lina jina, na mfumaji mzoefu huweza kukusimulia kisa kilichomo. Wanawake wa zamani waliongeza mizingo ya waya wa shaba shingoni, mikononi na miguuni, mizito hata mgeni akajiuliza walifanyaje kazi za shamba nayo. Shanga wanazotunga siku hizi ni za viwandani, lakini historia ya shanga katika bahari hizi ni ndefu. Vishanga vidogo vya kioo kutoka kusini mwa India vilisafiri pande zote mbili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wanaakiolojia wameviokota Unguja Ukuu, na vya aina hiyo hiyo vimefukuliwa katika Asia ya Kusini-Mashariki. Bibi wa huku na bibi wa kule walikuwa wateja wa soko moja pasi na kujuana.

Na mnazi vilevile. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya Madagascar na ya pwani yetu imechanganya damu ya minazi ya Bahari ya Hindi na ile ya upande wa Pasifiki, na mabaharia wa Kiaustronesia ndio wanaodhaniwa kuileta hiyo ya pili. Mabaharia hao hawakuwa Warungus, maana lugha iliyo karibu zaidi na Kimalagasi husemwa kusini mwa Borneo, mbali na Kudat. Ni ukoo mmoja wa mbali, basi. Nisingependa kuuvuta uwe karibu kuliko ulivyo.

Nyumba ya jadi ya Kirungus ni nyumba ndefu iliyoinuliwa juu ya nguzo, ya miti, mianzi na makuti. Kila familia ina chumba chake upande mmoja, na upande wa pili ni ukumbi wa wote unaokwenda toka mwanzo wa nyumba hadi mwisho. Ukuta wa ukumbi huo ni fito zilizoachiana nafasi, nao umelala kwa nje, ili upepo upite na mtu apate pa kuegemea. Nani aliyekaa barazani jioni asijue thamani ya mahali pa kuegemea? Humo ukumbini mwanamke alikaa chini, mkanda wa kitanda cha kufumia umemzunguka kiunoni, akiutumia mwili wake kuzikaza nyuzi. Pamba aliipanda mwenyewe shambani, akaisokota, akaitia nili. Nguo iliyotoka ilikuwa ya rangi nzito inayokaribia weusi. Wenye umri watakumbuka kaniki. Wanaume nao walisuka vikapu vya mwanzi, henzirani na mizabibu ya mwituni, imara kiasi cha kubeba mavuno mgongoni.

Mavuno hayo ni mpunga. Warungus ni wakulima wa mpunga wa milimani usiotaka maji ya kufurika. Walifyeka kipande cha msitu, wakakichoma, wakapanda mpunga pamoja na mahindi, mihogo na matango, kisha wakakiacha kiote msitu tena na kuhamia kingine. Ugali hawaujui, lakini muhogo wanaujua vizuri, na miaka ya ukame ndio uliowavusha. Kitoweo ni samaki, mboga za porini na nyama ya kuwinda. Katika Sabah nzima kuna kitoweo kiitwacho hinava, cha samaki mbichi aliyekatwa vipande vyembamba na "kuivishwa" kwa maji ya ndimu, tangawizi na pilipili. Na liko embe kubwa la Borneo, bambangan, lenye ganda la kahawia na harufu inayotangulia mlangoni, ambalo hutiwa chumvi na kuhifadhiwa. Msomaji wa Unguja ataniwia radhi nikisema pia kwamba mchele wao hutengenezwa pombe, na kwamba nguruwe alikuwa mnyama wao wa kafara. Bila ya mawili hayo historia yao haisimuliki.

Kwa sababu mpunga, kwao, una roho. Aliyeweza kusema na roho hiyo, na roho nyingine zote, alikuwa bobolizan, kuhani, naye aghalabu ni mwanamke. Elimu yake ilikuwa ushairi. Aliziweka moyoni tenzi ndefu za ibada, rinait, zenye kuweza kuimbwa usiku kucha. Hazina vina kama vyetu. Mistari huenda miwili miwili, wa pili ukirejea maana ya wa kwanza kwa maneno mengine, na maneno hayo aghalabu ni ya kale ambayo hayasikiki sokoni. Wapenzi wa ushairi watatambua hapa kwamba mizani si njia pekee ya kuufunga utenzi kumbukumbuni.

Mwaka wa neema, mpunga uliozidi uligeuzwa mali ya kudumu: patu za shaba, vyombo vya shaba na mitungi ya kale iliyotoka ng'ambo. Kwa vitu hivi mahari ililipwa na familia ikajulikana cheo chake. Hivyo upatu uliolia harusini ulikuwa pia ghala la mavuno ya miaka iliyopita. Leo katika kijiji cha Sumangkap mafundi hutengeneza patu kwa bati. Hukata, hupiga nyundo, husikiliza, hupiga tena, mpaka sikio liridhike.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Baina ya mashamba yao Warungus waliacha vichaka visivyoguswa, walivyoviita puru. Vilikuwa maskani ya rogon, yaani pepo, na aliyekata mti humo alitarajia maradhi, na kumtaka radhi pepo kulihitaji kafara. Vingi vilisimama juu ya chemchemi. Wenzetu Wamijikenda wana Kaya zao, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008. Puru hazikupata bahati hiyo. Mwaka 1881 Kampuni ya Kiingereza ya Borneo Kaskazini ilipewa hati ya kifalme, kama ile iliyopewa kampuni ya pwani yetu mwaka 1888, ikaifanya Kudat makao yake makuu ya kwanza kabla ya kuhamia Sandakan. Kwa macho ya utawala, ardhi iliyopumzishwa ilikuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Katika miaka ya 1950 wamisionari walianza kazi miongoni mwa Warungus, na Warungus wengi leo ni Wakristo. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani George N. Appell, aliyefika kwao mara ya kwanza mwaka 1959 pamoja na mkewe Laura, aliandika mwaka 1997 yaliyofuata: hofu ya pepo ilipoondoka, puru zilikatwa, na chemchemi zikapungua maji. Baadaye mashamba makubwa ya miti ya mbao, jamii ya mgunga kutoka Australia, yakaja kufunika sehemu za ardhi hiyo.

Siwalaumu waliobadili dini. Hiyo ni haki ya mtu. Ninachokiona ni kwamba waliofundisha kuwa msituni hamna pepo hawakuuliza pepo huyo alikuwa akilinda nini. Hakulinda maji peke yake. Hondohondo, ambaye huhitaji tundu la mti mkubwa ili ajenge kiota, hawezi kulea kinda katika shamba la miti michanga. Nguruwe mwitu wa Borneo mwenye ndevu, aliyekuwa nyama ya wawindaji, alipata msiba mwingine. Mwaka 2021 homa ya nguruwe ya Afrika iliingia Sabah na kuua wengi mno. Maradhi hayo yalielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya, mwaka 1921. Kumbe hata maradhi husafiri mbali kama shanga.

Yapo yaliyonusurika. Katika kijiji cha Gombizau wanafuga nyuki na kuuza asali. Bahari inayoizunguka rasi ilitangazwa hifadhi mwaka 2016, Tun Mustapha, karibu hekta 900,000, yenye kasa, matumbawe na nguva, huyo huyo nguva anayezidi kuwa adimu kwetu. Nyumba ndefu za kuishi zimekuwa chache. Iliyo maarufu, ya Bavanggazo, hupokea wageni wa kulipa, nao huvishwa pinakol na kupigwa picha.

Na tenzi? Mwaka 1986 Appell na mkewe walirudi na kuanzisha Mradi wa Fasihi Simulizi ya Sabah, wakawafundisha vijana wa Kirungus kurekodi na kuandika. Makuhani wazee walikaa mbele ya kinasa sauti, wakaimba mstari na mwenzake, mstari na mwenzake, na wajukuu zao wakaandika, wakisimama kila mara kuuliza maana ya maneno.