Mbao na Mapambo ya Kinubi cha Érard

Sébastien Érard, mzaliwa wa Strasbourg aliyeikimbia Paris wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa na kufungua karakana mjini London, alijipatia mwaka 1810 hataza ya kinubi chenye kanyagio 7, kila moja ikishuka daraja mbili, hata mpigaji akaweza kuhama kutoka sauti hii hadi ile pasipo kuondoa mikono yake katika nyuzi. Wengi walioandika habari za kinubi hicho wamestaajabia shaba na chuma chake. Lakini mimi, kila nikiizingatia kazi ile, huona kwamba hekima yake iliyo kuu imo katika mbao, na katika kujua ni ubao upi upambwe na upi uachwe.

Nyuzi zake 43 huvuta usiku na mchana, awepo mpigaji asiwepo, na mvuto huo hubebwa na shingo pamoja na nguzo; kwa hiyo viungo hivyo vilitaka mti mgumu usiopasuka upesi, nao ni mepo wa Ulaya. Hapo ndipo fundi alipopata ruhusa ya kujifaharisha, akaweka juu ya nguzo wanawake wenye mbawa kwa mtindo wa Wayunani, waking'aa kwa dhahabu. Na dhahabu, kwa ada ya mafundi wa zama hizo, haibandikwi juu ya mti mtupu: hutangulia chaki iliyochanganywa na gundi, tabaka baada ya tabaka, ikasuguliwa hata ikalainika; hufuata udongo mwekundu, kisha jani la dhahabu lenyewe, na mwisho husuguliwa kwa jino la akiki hata likameta.

Ubao wa sauti haukubali anasa hiyo. Ni wa sprusi, mti wa nchi za baridi ukuao polepole, mwepesi na mkakamavu kwa pamoja, nao hupunguzwa unene kuelekea nyuzi fupi, ili mtetemo wao mdogo usipate mzigo wa kuusukuma. Vinubi vya Paris vya kabla yake vilichorwa maua juu ya ubao huo, na kwa macho vinapendeza mno. Lakini kila mpako, uwe wa rangi au wa vanishi, ni uzito, na uzito hupokonya sauti.

Katika habari hii ya vanishi pwani yetu ina fungu lake. Karne hiyo ya 19, sandarusi iliyochimbwa mchangani huko Mrima, utomvu wa misandarusi iliyokufa zamani, ilisafirishwa kutoka Unguja hadi Bombay na hadi Salem kule Marekani, ikayeyushwa kwa moto mkali na kutiwa mafuta ya kitani, ikawa vanishi ngumu iliyosifiwa kwa samani na magari ya farasi. Itokapo ardhini huwa na ganda lenye vipele kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa, nalo huondolewa kwa maji ya magadi, ndipo umanjano wake ung'aao huonekana. Vanishi ya namna hiyo hulinda vyema sanduku liegemealo bega la mpigaji. Juu ya ubao wa sauti, hata iliyo bora, haina budi kupakwa nyembamba kabisa.