Kiburi na Anguko: Kutoka Visasili vya Kigiriki hadi Salaita na Kasigau

Maudhui ya kiburi na anguko hujitokeza mara nyingi katika vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa katika shule zetu za upili. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu kiongozi dhalimu, aghalabu hukimbilia methali "mpanda ngazi hushuka", akatoa mifano miwili mitatu ya majivuno ya mhusika, kisha akahitimisha kwamba mhusika huyo alivuna alichopanda. Jibu hilo si baya, ila halijakamilika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba visasili vya Wagiriki wa kale, ambavyo ni chimbuko la mengi tunayofundisha kuhusu tanzia, vinazua swali zito zaidi: ni nani anayelipa gharama ya kiburi? Swali hilo linazuka pia katika fasihi yetu ya Kiswahili, na katika historia ya Taita Taveta yenyewe.

Tuanze na dhana. Neno la Kigiriki hubris hufasiriwa mara nyingi kuwa kiburi. Katika sheria za mji wa Athens, hata hivyo, hubris lilikuwa kosa la kushtakiwa: kumtendea mtu ufidhuli ili kumwaibisha, awe huru au mtumwa. Kwa hiyo hubris haikuwa hisia ya moyoni tu. Ilikuwa tendo la dharau, na kila tendo la dharau lina mtu aliyetendewa. Aristotle naye, aliyeandika kuhusu tanzia katika karne ya 4 K.K., alisema kuwa shujaa huangushwa na hamartia, yaani kosa. Neno hilo linatokana na kitenzi chenye maana ya kukosa shabaha. Ni vyema wanafunzi watenganishe dhana hizi mbili, kwani si kila kosa la shujaa ni kiburi.

Visasili viwili vitatufaa. Cha kwanza ni cha Icarus. Baba yake, Daedalus, alimtengenezea mabawa ya manyoya na nta, akamwonya asiruke karibu na jua. Kijana akalewa raha ya kuruka, nta ikayeyuka, akaanguka baharini. Huyu ni yule asiyesikia la mkuu, naye alilipa kwa uhai wake mwenyewe. Cha pili ni cha Niobe, malkia aliyejigamba kwamba alikuwa na watoto wengi kuliko Leto, mamake Apollo na Artemis. Miungu hao wawili wakawaua watoto wa Niobe kwa mishale. Tuzingatie kwamba watoto hao hawakuwa wamejigamba. Aliyejigamba ni mama; waliokufa ni wao.

Sanaa nayo ilichota kutoka visima hivyo. Mjini Brussels kuna mchoro maarufu wa kuanguka kwa Icarus, ambao kwa muda mrefu umehusishwa na Pieter Bruegel wa karne ya 16. Anayeutazama huona kwanza mkulima akilima, mchungaji na kondoo wake, na jahazi likienda zake. Icarus ni miguu miwili tu inayozama pembeni. Mchoraji ametugeuza macho kutoka kwa mwenye kuanguka, tuwatazame watu wa kawaida.

Katika Kiswahili, tanzia ya Kigiriki iliingia hasa kwa njia ya tafsiri. Samuel S. Mushi, aliyekuwa amefasiri Makbeth ya Shakespeare mnamo 1968, alitupatia pia Mfalme Edipode, tafsiri ya tamthilia ya Sophocles. Huko Nigeria, Ola Rotimi aliihamishia hadithi hiyo katika mazingira ya Wayoruba mwaka 1968. Katika hadithi hii, mfalme anamtukana mwaguzi kipofu, Tiresias, kwa sababu amemwambia ukweli asiotaka kuusikia. Hilo ni tendo la dharau. Hata hivyo, kabla mfalme hajaanguka, tauni imekwisha kuwaua raia wa Thebes ambao hawajui lolote kuhusu siri ya nyumba yake.

Isidhaniwe kwamba tulingoja Wagiriki watufundishe haya. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akitazama magofu ya Pate, dola iliyowahi kutajirika kwa biashara na ambayo nguvu zake zilizidi kuvunjika baada ya kushindwa na Lamu huko Shela, yapata mwaka 1812. Mshairi anaonyesha majumba ya fahari yaliyogeuka kuwa makao ya popo na buibui. Tofauti yake na Wagiriki ni kwamba hamsimangi mfalme fulani. Anaukanya moyo wake mwenyewe usihadaike na dunia, na anguko analolichora ni la mji mzima.

Sasa tutoke kwenye vitabu, tuje nyumbani. Salaita ni kilima kidogo mashariki ya mji wa Taveta, upande wa barabara ya kuja Voi. Wajerumani waliiteka Taveta mnamo Agosti 1914, wakakiimarisha kilima hicho. Waingereza nao wakajenga reli kutoka Voi kuelekea huko ili kusafirisha majeshi. Tarehe 12 Februari 1916, jeshi la Waingereza, likiwemo kundi kubwa la wanajeshi Wazungu waliotoka kuwasili kutoka Afrika Kusini, lilishambulia Salaita. Wengi wa wageni hao walimdharau adui kwa kuwa askari wake walikuwa Waafrika, na waliwadharau vilevile wenzao kutoka India. Wapelelezi walikadiria idadi ya adui kuwa ndogo mno. Mizinga ikapiga kileleni, kumbe mitaro yenye askari ilikuwa chini ya kilima. Walikosa shabaha kwa maana zote mbili za neno hilo la Aristotle. Walirudi nyuma kwa vurugu, na waliowakinga ni Wabulushi wa jeshi la India. Kuna masimulizi kwamba Wabulushi hao waliokota bunduki ya rashasha iliyoachwa na wenzao, wakairudisha pamoja na barua ya kuwaomba wasiwaite tena makuli.

Hadi hapa, Salaita ni kisasili kamili cha kiburi: mwenye dharau ameaibika. Lakini wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi. Mwaka 1915, baada ya Wajerumani kuingia Kasigau, kusini ya Voi, Waingereza waliwashuku wenyeji kuwa walimsaidia adui. Wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi, na wengi wao walifia huko. Watu hao hawakuvitangaza vita hivyo. Walilipa kama watoto wa Niobe. Leo tuna makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo, yanayotunzwa vizuri, huko Voi, Maktau na Taveta. Msiba wa Kasigau umehifadhiwa zaidi katika vinywa vya wazee, na hiyo ni kazi ya fasihi simulizi.

Mtazamo huu unaweza kutusaidia kusoma riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, iliyotoka mwaka 2012 na kutahiniwa kwa miaka kadhaa katika KCSE. Anguko la Mtemi Nasaba Bora, anayejitia kitanzi, huelezwa kwa urahisi na watahiniwa wengi. Lakini kabla ya kitanzi hicho, Yusufu ametupwa gerezani bila hatia, Amani na Imani wamebebeshwa lawama isiyo yao, na mtoto mchanga Uhuru amefariki. Mtahiniwa anayemtaja Mtemi tu amesoma nusu ya riwaya.

Kwa hiyo, mtahiniwa anapojibu swali la kiburi, ajiulize mambo matatu. Kwanza, ni tendo gani la dharau lililotendwa, na lilitendewa nani? Pili, ni nini kilichomwangusha mwenye kiburi: miungu, majaliwa, kosa lake au umma? Tatu, ni nani mwingine aliyeumia, na je, mwandishi anampa nafasi ya kusema? Hoja hizo tatu, kila moja ikiungwa mkono na mfano kutoka kitabuni, zitampa jibu lenye uzito.

Mwalimu aliye Taita Taveta ana nyenzo ya ziada. Wanafunzi wanaweza kutumwa kukusanya masimulizi ya Kasigau kutoka kwa wazee, wayanakili, kisha wayalinganishe darasani na kisasili cha Niobe. Wazee wanaoyajua masimulizi hayo wanapungua kila mwaka, basi kazi hiyo ifaayo kufanywa ni vyema ianze muhula huu.