Karotini, Vitamini na Kitenzi "Fyonza": Historia ya Istilahi Chache za Lishe

Rasimu ya kijitabu kimoja cha lishe ya akina mama wajawazito ililetwa katika deski letu ili istilahi zake zikaguliwe. Ukurasa mmoja wa kijitabu hicho ulisema kwamba mboga za majani, kama vile mchicha, kisamvu na matembele, zina vitamini A kwa wingi. Ukurasa mwingine, mbele kidogo, ulionya kwamba vitamini A ikizidi huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Sentensi zote mbili zilikuwa zimefasiriwa kwa Kiswahili kisicho na dosari ya sarufi, na mwandishi wa makala haya alizipitisha zote mbili bila kusita. Kijitabu kiliposomwa mbele ya wasomaji wachache kabla ya kupigwa chapa, mkunga mmoja mtu mzima aliuliza: "Sasa, wanangu, nimwambie mama ale mchicha au auache?"

Hatukuwa na jibu la papo kwa papo. Kila sentensi, ikitazamwa peke yake, ilifuata matini ya asili neno kwa neno. Tatizo ni kwamba istilahi moja ilikuwa imebebeshwa vitu viwili. Kwa hakika mchicha hauna vitamini A hata chembe. Una karotini, nayo ni kitu kingine, ingawa mwili unaweza kuigeuza kuwa vitamini A. Jinsi jina moja lilivyokuja kufunika vitu viwili ni habari ndefu, na mfasiri asiyeijua atarudia kosa letu. Ndiyo sababu tumeona vema kuieleza hapa.

Karotini ndiyo iliyotangulia kujulikana. Mwaka 1831 mkemia Mjerumani, Heinrich Wackenroder, aliitenga kutoka katika karoti, na jina la mmea likawa jina la kemikali. Kwa muda wa karibu miaka mia moja baadaye hakuna aliyeidhania kuwa na kazi yoyote katika mwili wa binadamu. Ilihesabiwa kuwa ni rangi tu.

Jina "vitamini" lilizaliwa mbali na karoti. Katika miaka ya 1890, huko Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kwamba kuku waliolishwa mchele uliokobolewa sana walipatwa na ugonjwa unaofanana na beriberi, na kwamba walipona walipopewa mchele wenye kumvi zake za ndani. Mwaka 1912 Casimir Funk, mwanakemia wa Poland aliyekuwa akifanya kazi London, alitoa hoja kwamba beriberi na magonjwa kadhaa ya namna hiyo husababishwa na kukosekana kwa vitu fulani katika chakula. Akaviunganishia jina kutoka neno la Kilatini lenye maana ya uhai na neno "amini", kundi la kemikali ambalo alidhani vitu hivyo vyote ni wa kundi hilo. Dhana hiyo haikuwa sahihi. Mwaka 1920 Jack Drummond wa Uingereza alipendekeza herufi ya mwisho ya neno hilo, yaani e, iondolewe ili jina lisiendelee kudai jambo lisilo kweli, na kwamba vitamini zitajwe kwa herufi A, B na C. Kiswahili, kwa kuwa hupenda neno liishie kwa irabu, kikaongeza i mahali pale pale palipoondolewa e. Hatukuharibu kitu, lakini ni vizuri kukumbuka kwamba hata neno tunalolichukua kuwa imara kama mwamba lilianza kama kosa lililorekebishwa nusu nusu.

Herufi A ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe. Mwaka 1913 Elmer McCollum na Marguerite Davis, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, walionyesha kwamba panya hawakui bila kitu fulani kilichomo katika mafuta ya siagi na kiini cha yai. Kitu hicho ndicho kilichokuja kuitwa vitamini A. Miaka sita baadaye, Harry Steenbock wa chuo hicho hicho aliona jambo la ajabu: panya waliolishwa mahindi ya njano walisitawi, na waliolishwa mahindi meupe walidhoofika. Alianza kushuku kwamba rangi ya njano ina uhusiano na vitamini hiyo. (Wazee wetu wanaoukumbuka unga wa njano wa miaka ya upungufu wa chakula, ule ulioitwa "unga wa Yanga", wataona kuwa kilichodharauliwa kwa rangi yake kilikuwa na jambo ambalo sembe yetu nyeupe haina.) Lakini hoja ya Steenbock ilikuwa na tundu. Maini hayana rangi ya njano ya kutajika, na hata hivyo yalikuwa na nguvu nyingi kuliko mboga zote.

Fumbo hilo lilifumbuliwa na Thomas Moore, huko Cambridge, katika mwaka 1930. Aliwalisha karotini panya waliokuwa wamepungukiwa na vitamini A, kisha akaikuta vitamini yenyewe ndani ya maini yao. Kumbe mmea hautoi vitamini. Hutoa malighafi, na mnyama ndiye mtengenezaji. Paul Karrer wa Zurich akaonyesha katika miaka hiyo hiyo umbo la kemikali zote mbili, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo wanasayansi walikuwa na majina mawili kwa vitu viwili. Vitabu vya umma, lebo za makopo na mabango ya zahanati, kwa kutaka wepesi, viliendelea kutumia moja. Sisi tulipofasiri, tulifasiri mabango.

Kwa kitu kinachotangulia vitamini, baadhi ya waandishi hutohoa na kusema "provitamini". Hatuoni ubaya, isipokuwa kwamba kiambishi "pro" hakimwambii chochote msomaji wa darasa la saba. Tunapendelea "kitangulizi cha vitamini", ambacho kinajieleza chenyewe.

Tukija kwenye namna karotini inavyoingia mwilini, tunakutana na kitenzi chenye historia yake hapa hapa nyumbani. Neno lililokuwa karibu zaidi ni "nyonya". Mtoto hunyonya, mzizi hunyonya maji; kwa nini utumbo usinyonye chakula? Lakini baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, "unyonyaji" ulikuwa na kazi nyingine katika kila gazeti na kila mkutano wa hadhara, na picha ya mirija ilikuwa imeganda katika fikira za watu. Mwalimu wa sayansi aliyeandika ubaoni "unyonyaji katika utumbo mwembamba" alijua kwamba nusu ya darasa itacheka. Lilikuwapo pia neno "sharabu", lenye asili ya Kiarabu, linalofaa sana kwa mchanga unaokunywa maji, na wako wanaoendelea kulitumia katika fizikia. Lililopata nguvu katika elimu ya viumbe ni "fyonza". Wapo waliolipinga kwa kuwa linakaribiana mno na "fyonya", kitendo kisicho cha heshima, lakini hofu hiyo imekwisha zoeleka.

Kuna jambo moja ambalo sarufi yetu inatupa bure, nasi hatulitumii ipasavyo. Utumbo ndio ufyonzao, kwa hiyo kazi yake ni "ufyonzaji". Karotini ndiyo ifyonzwayo, kwa hiyo hali yake ni "ufyonzwaji". Mtu akiharisha, ufyonzaji wake umedhoofika kwa kila chakula. Karoti ikiliwa mbichi, bila mafuta, utumbo unaweza kuwa mzima kabisa na bado ufyonzwaji wa karotini ukawa mdogo. Tofauti hii iko katika herufi moja tu, nayo ndiyo kiini cha historia iliyobaki.

Karotini ya majani imefungiwa ndani ya chembe za mmea, imeshikamana na protini, na kuta za chembe hizo ni ngumu. Kukatakata, kutwanga, kupika na kutafuna huzibomoa. Ikiisha kutoka, inakabiliwa na kikwazo cha pili: haiyeyuki katika maji, bali katika mafuta. Mafuta yaliyomo katika mlo huipokea, nyongo itokayo katika ini huyavunjavunja mafuta hayo kuwa matone madogo mno, na matone hayo ndiyo yanayoifikisha karotini kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Moore aliamini kwamba mageuzi hufanyika katika ini. Utafiti wa miaka ya 1940 ulionyesha kwamba hasa hufanyika katika ukuta wa utumbo wenyewe, na mwaka 1965 kilitambuliwa kimeng'enya kinachoipasua karotini katikati. Mwili hupunguza upasuaji huo ukiwa na akiba ya kutosha. Ndiyo maana mtu aliyezidisha karoti au mapapai huweza kugeuka rangi ya ngozi kuwa ya manjano bila kupata sumu, hali aliyezidisha vidonge vya vitamini A hudhurika. Jibu la mkunga wetu lilikuwa hapo.

Kwamba mafuta ni ya lazima lilithibitishwa karibu nasi. Mwaka 1958 ulitangazwa utafiti uliofanywa kwa wavulana wa Ruanda, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya udhamini wa Ubelgiji, katika eneo ambalo upungufu wa vitamini A ulikuwa umeenea ingawa mboga hazikukosekana. Milo yao ilikuwa na mafuta haba. Walipoongezewa mafuta ya zeituni, ufyonzwaji wa karotini uliongezeka mara kadhaa. Mpishi wa pwani atiaye tui la nazi katika mchicha, na yule wa bara atiaye karanga katika kisamvu, hawakungoja utafiti huo, walifuata utamu. Mawese ya Kigoma na ya Kongo yana bahati zaidi, kwa maana karotini yake imo tayari ndani ya mafuta, ilimradi mpishi asiyaunguze hadi wekundu wote utoweke.

Pamoja na hayo, hesabu rasmi zilibaki za matumaini. Mwaka 1967 wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya walikubaliana kwamba mikrogramu 6 za karotini ya chakula ni sawa na mikrogramu 1 ya vitamini A. Majedwali ya chakula katika nchi nyingi yalijengwa juu ya kipimo hicho. Kisha mwaka 1995 ukatoka utafiti wa Java Magharibi. Akina mama wanaonyonyesha walipewa mboga za majani kila siku, na wengine wakapewa biskuti zilizotiwa karotini safi. Wale wa biskuti walipata nafuu ya wazi. Wale wa mboga hali yao ya vitamini A haikubadilika. Mwaka 2001 kamati ya wataalamu ya Marekani ikaongeza kipimo kutoka 6 hadi 12, na wako watafiti waliodai kwamba hata hicho ni kidogo. Kwa kalamu moja, mchicha wa dunia nzima ulipoteza nusu ya thamani yake katika majedwali. Mfasiri anayekutana na jedwali la zamani hana budi kutazama mwaka wake kabla ya kufasiri tarakimu.

Faida nazo zimepata misukosuko ya majina. Mwaka 1936 watafiti wa Hungaria, akiwamo Albert Szent-Györgyi, walitangaza "vitamini P" kutoka katika ndimu na pilipili. Mwaka 1950 wataalamu wa Marekani walishauri jina hilo liachwe, kwani haikuthibitika kuwa ni vitamini, na leo vitu hivyo huitwa flavonoidi. Kosa letu wenyewe ni kubwa zaidi. Karotini, flavonoidi na wenzao huzuia uoksidishaji, nasi tukawaita "viondoa sumu". Jina hilo linaahidi tiba. Huko Finland, wanaume wavutao sigara wapatao 29,000 walishiriki katika majaribio, baadhi yao wakipewa vidonge vya karotini kwa matumaini hayo hayo. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliokunywa vidonge hivyo walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. "Kizuia uoksidishaji" ni jina zito na lisilo na mvuto, nasi tunalipendelea kwa sababu hiyo hiyo.

Kijitabu cha akina mama kilisahihishwa hivi: "Mchicha una karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyoihitaji. Vitamini A iliyokwisha kukamilika, ambayo imo katika maini na katika vidonge, ndiyo isiyofaa kuzidishwa." Sentensi mbili zimekuwa ndefu kidogo, na mkunga alizikubali.

Limebaki neno moja ambalo kadi yake bado ina alama ya kuuliza. Ni lile litajalo sehemu ya kirutubishi ambayo, baada ya kupikwa, kufyonzwa na kugeuzwa, kweli imeufaa mwili. Rasimu nyingi huandika "upatikanaji", na msomaji huelewa kwamba mboga zinauzwa sokoni. Mwalimu mmoja aliyesoma "upatikanaji wa vitamini A katika mchicha ni mdogo" alijibu kwamba kwao mchicha umejaa. Tumefikiria "ufaaji mwilini", lakini wenzetu wa deski la kilimo wanaona kwamba "ufaaji" tayari una shughuli kwa udongo na mbegu. Wasomaji walio mashuleni, katika vyuo vya uuguzi na katika ofisi za lishe za wilaya, ambao wanalo neno wanalolitumia kwa jambo hili, wanaombwa kumwandikia Mhariri, wakitaja mahali neno hilo linapotumika na sentensi moja ya mfano.