Vita vya Kagera na Siasa za Mbali



Katika mikusanyiko yetu huku ughaibuni, iwe arusi, matanga au futari, mazungumzo ya wazee hayachelewi kufika Kagera. Yakishafika, kauli ni ile ile: Tanzania ilimpiga Idi Amin peke yake. Sisi tuliokuwa shule ya msingi mwaka 1978 tumeirithi kauli hiyo pamoja na neno "nduli", na hatuna nia ya kuipinga. Damu iliyomwagika ilikuwa ya Watanzania, na ya Waganda waliopigana bega kwa bega nao. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Askari wetu walikwenda kwa miguu yao, ila mara nyingi saa ya kuondoka, barabara ya kupita na mahali pa kusimama viliamuliwa kwa kuangalia wakubwa wa nje watasema nini. Watoto wetu wanaokulia huku wanastahili kuisikia na nusu hiyo ya pili.

Tuanze na ramani. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi zetu, mpaka wa magharibi ya ziwa waliuchora kwa rula, wakifuata mstari wa digrii moja kusini ya ikweta. Mto Kagera haukuulizwa. Ukabaki upande wa kusini ya mstari, na kati ya mto na mpaka pakawa na kipande cha nchi cha kama kilomita za mraba 1,800, ambacho kisheria ni Tanzania lakini kimetengwa na Tanzania kwa maji. Sisi tuliosomea uhandisi tukiona eneo la namna hiyo tunauliza kwanza: daraja liko wapi? Lilikuwa Kyaka. Majeshi ya Amin yalipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na Amin kutangaza tarehe 1 Novemba kwamba eneo lote ni mali ya Uganda, kazi yao iliyofuata ilikuwa kulivunja daraja hilo kwa baruti. Rula ya Ulaya ilikuwa imewapa handaki ambalo hawakulichimba.

Na Amin mwenyewe hakusimama bila mikono ya nje. Alipompindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Uingereza ilikuwa miongoni mwa waliomtambua mapema, na Israeli ilikuwa rafiki yake. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waisraeli, akawafukuza Waasia, akageukia Libya ya Muammar Gaddafi na silaha za Umoja wa Kisovieti. Mwalimu Nyerere yeye alimpa Obote hifadhi Dar es Salaam na akakataa kuutambua utawala wa Amin. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania wakashindwa. Siad Barre wa Somalia akasuluhisha, na Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba mwaka huo ukataka majeshi ya pande zote yakae kilomita 10 mbali na mpaka. Miaka sita baadaye, wavamizi walipoingia Kagera, walikuta askari wachache sana wa kuwazuia.

Hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, ya sababu, nia na uwezo, kila mtu anaikumbuka. Kinachosahauliwa ni kwamba wakati ile hotuba inarushwa na Radio Tanzania, vita vya pili vilikuwa vimekwisha kuanza, na uwanja wake ulikuwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Katiba ya umoja huo ilikataza nchi moja kuingilia mambo ya nyingine. Tanzania yenyewe ndiyo iliyopeleka Cairo mwaka 1964 azimio la kuheshimu mipaka iliyorithiwa toka kwa wakoloni. Kwa hiyo mtu angedhani kwamba umoja ungemlaani mvamizi bila kusita. Haukumlaani. Mwenyekiti wa mwaka ule alikuwa Jaafar Nimeiry wa Sudan, na lugha iliyotumika ilikuwa ya usuluhishi: ndugu wawili wanagombana, wapatanishwe. Nigeria ya Obasanjo nayo ilijaribu kusuluhisha. Jibu la Mwalimu lilikuwa kwamba huwezi kumpatanisha mwenye nyumba na mwizi aliyeko sebuleni kabla ya kumwambia mwizi kuwa ni mwizi.

Amin alielewa lugha ile vizuri. Katikati ya Novemba akatangaza kuwa anaondoka Kagera. Kwa wasuluhishi wengi hilo lilitosha kufunga jalada. Kwa wananchi wa Kagera, ambao inakadiriwa walipoteza watu wapatao 1,500, mbali na ng'ombe waliosombwa na kiwanda cha sukari kilichobomolewa, halikutosha hata kidogo.

Hapa ndipo siasa za nje zilipoanza kuamua mwendo wa jeshi. Eneo letu lilikombolewa, na Januari 1979 Mutukula ng'ambo ya mpaka ikatwaliwa. Tungesema basi twende Kampala moja kwa moja. Lakini nchi iliyopigania heshima ya mipaka ingeelezaje kuvuka mpaka? Mwalimu akatoa hoja ya vita viwili: kimoja cha Tanzania kumwondoa mvamizi na kuhakikisha harudi, kingine cha Waganda kumwondoa dikteta wao. Kwa hoja hiyo jeshi lilikwenda hatua kwa hatua. Masaka na Mbarara zilitekwa mwishoni mwa Februari, kisha matarajio yakawa kwamba Waganda wenyewe, wakiwemo wapiganaji wa Kikosi Maalum na wa Yoweri Museveni, wamalizie. Hoja hiyo ilikuwa ya kidiplomasia kuliko ya kijeshi, kwani wapiganaji hao walikuwa wachache mno.

Marafiki nao walijipambanua. Msumbiji, nchi maskini iliyokuwa ikishambuliwa na Rhodesia, ilileta askari kama 800. Zambia, Angola, Botswana na Ethiopia zilikuwa upande wetu. Umoja wa Kisovieti, uliokuwa umeziuzia silaha nchi zote mbili, ulimkatia Amin msaada. Marekani ilikuwa imepiga marufuku kahawa ya Uganda Oktoba 1978, siku chache tu kabla ya uvamizi. Kenya, ambayo bandari yake ya Mombasa ndiyo mlango wa Uganda, haikutaka kuegemea upande wowote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya umefungwa, na hasira za talaka ile zilikuwa bado mbichi.

Aliyevuruga hesabu zote ni Gaddafi. Alileta askari wapatao 2,500 na zaidi, na huko Lukaya usiku wa tarehe 10 Machi waliwarudisha nyuma vijana wetu kabla ya kupigwa vibaya siku ya pili yake. Baadaye akaipa Tanzania saa 24 iondoke Uganda, la sivyo ataingia vitani. Mwalimu alijibu kwa utulivu kuwa tishio hilo halibadilishi chochote juu ya Amin. Tarehe 29 Machi ndege ya Libya iliulenga mji wa Mwanza ikakosa, mabomu yakaua wanyama katika kisiwa cha Saanane. Wapiganaji wa Kipalestina nao walikuwa upande wa Amin, ilhali Tanzania ilikuwa imevunja uhusiano na Israeli tangu 1973 na Wapalestina walikuwa na ofisi yao Dar es Salaam. Hivyo ndivyo rafiki wa rafiki anavyoweza kukuelekezea bunduki.

Kuingia kwa Libya kulivunja hoja ya vita viwili. Waganda peke yao wasingeweza jeshi la nchi ya tatu, kwa hiyo ikabidi Watanzania waende mpaka Kampala. Kwa kuwa ikabidi, ilibidi pia pawepo serikali ya Waganda ya kukabidhiwa mji. Ndiyo maana Mkutano wa Moshi uliitishwa kwa haraka, tarehe 24 hadi 26 Machi, na Yusuf Lule akachaguliwa.

Na jambo tunalolistaajabia zaidi ni hili. Kampala ilipozingirwa, Mwalimu aliagiza barabara ya mashariki, iendayo Jinja, iachwe wazi ili Walibya wapate kuondoka bila kudhalilishwa. Kamanda yeyote angependa kufunga mtego. Yeye alikuwa anafikiria mwaka utakaofuata, si wiki ile tu. Hakutaka vita vya Tanzania na Amin vigeuke vya Waafrika na Waarabu.

Hilo linatugusa sana sisi tunaoishi Ghuba, na wenzetu wa Ulaya na Marekani. Wapo waliotuambia, na wapo wanaotuambia hadi leo, kwamba vile vilikuwa vita dhidi ya Waislamu. Tunawaomba watazame majina. Mkuu wa Majeshi alikuwa Abdallah Twalipo. Waziri wa Ulinzi alikuwa Rashidi Kawawa. Propaganda iliyotungwa Tripoli kwa haja zake isitugombanishe kwenye foleni za misikiti na makanisa yetu miaka arobaini na kitu baadaye.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Julai, kwenye mkutano wa OAU huko Monrovia, Nimeiry alisimama kuilaumu Tanzania, na Rais mpya wa Uganda, Godfrey Binaisa, akasimama kuitetea. Bili ilikuja nyumbani. Vita vilikadiriwa kugharimu dola milioni 500, mafuta yalipanda bei mwaka ule ule, na msaada wa kulipia ulikuwa mdogo sana. Miezi 18 ya kufunga mkanda tuliyoahidiwa ilirefuka kuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni. Amin aliishia Saudia, akafa Jeddah mwaka 2003 bila kusimama mahakamani.

Je, tulishindwa hoja? Hapana, ilichelewa tu. Katiba ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2000 inaruhusu umoja huo kuingilia kati penye mauaji ya kimbari na uhalifu wa kivita. Machi 2008 askari wa Tanzania na wa Sudan walishuka pamoja Anjouan, Visiwa vya Komoro, kwa idhini ya Umoja, na Libya ikasaidia usafiri. Waliotulaumu sasa tulikuwa nao jahazi moja.

Basi tunapowasimulia watoto, tusiwaambie kuwa tulikuwa peke yetu, wala tusiwaambie kuwa dunia ilitusaidia. Tuwaambie kwamba marafiki na maadui wa mbali walitupangia barabara, lakini wanaolala Kaboya, wilayani Muleba, ndio walioipita. Mwenye kupata likizo mwaka huu na kufika Bukoba, asikose kwenda kuwazuru.